Tumbo Moja, Homa Moja

Dada alinishika kidole cha kati, akakifuta kwa pamba yenye spiriti, akakitoboa kabla sijajiandaa. Kijiti kikanywa tone la damu, mashine ya kupimia sukari ikahesabu, ikaandika 5.2. Akatoa kijiti kingine, akajitoboa mwenyewe.

13.8.

Ilikuwa saa moja asubuhi uani kwa mama, Chang'ombe, Dodoma. Hakuna aliyekuwa amegusa chai. Ule upepo wa Julai unaokausha midomo ulikuwa unasukuma vumbi chini ya geti, na mama alikuwa kwenye kigoda, kajifunga khanga moja na kujitanda nyingine, anatutazama bila neno.

Dada aliandika namba yake kwenye daftari, akaweka kalamu chini.

"Tumbo moja," alisema. "Homa ile tumeugua nyumba moja, wiki moja. Nyungu tumejifukiza ndani ya blanketi moja. Mbona sukari imenichagua mimi?"

Nilijibu haraka, na nilijibu vibaya. Nikamwambia labda ni vyakula.

Hakukasirika. Aliniuliza tu: "Mdogo wangu, kati yangu na wewe, nani anakunywa soda?"

Ni mimi. Yeye siku nyingi za wiki anakula ugali wa uwele na mlenda, kama alivyolelewa. Na anatembea kwa miguu kwenda sokoni Majengo na kurudi.

Tangu asubuhi ile zimepita wiki saba. Swali lake limenifuata kwenye daladala, kwenye foleni ya benki, na hasa usiku. Naandika leo kwa sababu nimelifuatilia hadi mahali ambapo sikutegemea kufika, na kwa sababu njiani nimekuta jambo la kwetu nyumbani ambalo lilikuwa limefunikwa kwa miaka zaidi ya arobaini.

Julai ile

Julai ya 2021 mnaikumbuka, sina haja ya kuisimulia. Kwetu ilianza kwangu nikampa dada, au ilianza kwake akanipa mimi. Kitunguu kilikosa harufu. Mimi niliinuka siku ya tano. Yeye alilala siku kumi na mbili, na katikati yake akawa anahema kama mtu anayepanda kilima cha Mlimwa saa saba mchana. Akapelekwa kituo cha afya, akachomwa dawa iitwayo deksamethasoni siku kadhaa, akarudi amekonda lakini mzima. Tarehe 28 ya mwezi ule, Rais Samia alipochanjwa hadharani kuzindua chanjo, dada alikuwa anamwangalia kwenye televisheni huku bado hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika.

Hatukupimwa. Naliweka hili mbele kwa sababu kila nitakachosema baadaye kinasimama juu yake. Naiita Korona kwa ushahidi wa kitunguu, na wa misiba tuliyokwenda mwezi ule.

Mwaka uliofuata dada akaanza kuchoka, uchovu wa kulala nao na kuamka nao. Akapima sukari 2022, akaambiwa hajafikia kisukari. Mwaka 2023 kidonda cha mguuni kikakataa kufunga, akapima tena, akaambiwa anacho, tena kimekaa muda.

Hiyo karatasi ya 2022 muikumbuke. Nitairudia.

Nilitaka kirusi kiwe na hatia

Nasema ukweli, nilianza kusoma nikiwa nimeshatoa hukumu. Nilitaka kusikia kwamba Korona ndiyo iliyomharibu dada yangu. Ugonjwa wenye mkosaji ni mwepesi kuubeba.

Na mwanzoni nilikipata nilichokitaka. Mwaka 2022 Yan Xie na Ziyad Al-Aly walichapisha utafiti wao juu ya waliowahi kuwa askari wa Marekani, zaidi ya 180,000 kati yao wakiwa wameugua Korona. Waliwafuatilia kwa mwaka mmoja na kuwalinganisha na wenzao ambao hawakuugua. Waliougua walikuwa na hatari ya kupata kisukari iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 40. Kwa hesabu ya vichwa, katika kila watu 1,000 waliougua, wapatao 13 waliingia kwenye kisukari zaidi ya ambao wangeingia hata bila homa ile.

Kumi na tatu katika elfu.

Nilikaa na hiyo namba siku nyingi. Kwa taifa zima ni watu wengi mno. Kliniki zinajaa kwa namba kama hiyo. Lakini ukiwa umekaa uani na mtu mmoja anakuuliza kwa nini yeye, namba hiyo inakurudisha ulikotoka. Wale wengine wote waliopona na sukari yao ikabaki vile vile walikuwa na nini ambacho dada hakuwa nacho?

Halafu mashaka yakaanza kuja moja moja. Wale askari wengi wao walikuwa wanaume wa Kizungu walioshakula chumvi. Dada ni mwanamke wa Dodoma aliyekuwa na miaka 44. Deksamethasoni aliyochomwa hupandisha sukari yenyewe, hata bila kirusi. Homa kali yoyote hupandisha sukari, kisha ikashuka. Na sukari yake kabla ya 2021 tunaijua? Hatuijui. Hakuwahi kupima. Utafiti wa kitaifa wa 2012 uliwakuta Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wakiwa na kisukari kwa kiwango cha asilimia 9.1, na wengi wa watu hao huwa hawajui. Inawezekana dada alikuwa anatembea nacho tangu zamani, na homa ikaja tu kukifungulia mlango.

Hata wanaochungulia ndani ya seli hawajakubaliana. Mwaka 2021 maabara kadhaa zilionyesha kwamba kirusi kile kinaweza kuingia kwenye seli beta, zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini, inayoshusha sukari ya damu. Wengine wakasema mlango kinaoutumia, protini iitwayo ACE2, ni haba mno kwenye seli hizo kiasi cha kuleta madhara makubwa. Wapo wanaoamini kwamba kirusi si lazima kiingie: ule moto wa mwili kupigana nacho unatosha kuzifanya misuli na ini vikaidi insulini.

Nilipofika hapo nilifunga simu na kulala. Mkosaji wangu alikuwa ameanza kuponyoka.

Kengele yenye sauti kubwa

Kilichonirudisha ni jeni moja iitwayo IFIH1.

Kazi yake ni ya mlinzi wa usiku. Inatengeneza protini inayonusa chembechembe za virusi ndani ya seli na kupiga kengele. Mwaka 2009 watafiti wa Cambridge waligundua kwamba kuna watu wachache wenye maumbo adimu ya jeni hii, ambayo kengele yake hulia kwa unyonge, na watu hao walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kupata kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho kinga ya mwili yenyewe huziua seli beta.

Nilisoma aya hiyo nikasimama. Ina maana kengele ikilia kwa nguvu, mwili unafukuza kirusi vizuri, lakini katika purukushani hiyo unaweza kuvunja na vya ndani.

Kisukari cha dada ni cha aina ya pili, kwa hiyo siwezi kuichukua IFIH1 na kumbandika. Lakini ilinifundisha namna ya kuuliza. Nilikuwa nauliza kama ni kirusi au ni damu yetu, kana kwamba mmoja lazima awe hana hatia. Kumbe kirusi kimoja kikiingia katika miili miwili kinakuta nyumba mbili tofauti.

Kwa aina ya pili, hakuna jeni moja. Zipo sehemu mamia za vinasaba zinazoongeza au kupunguza hatari, kila moja kidogo kidogo. Inayojulikana zaidi ni TCF7L2, iliyotangazwa na watafiti wa Iceland mwaka 2006. Ukirithi umbo lake la hatari kutoka kwa mzazi mmoja, hatari yako inaongezeka kwa takriban mara 1.4, ukilirithi kutoka kwa wote wawili, inazidi mara mbili. Linavyofanya kazi ni kupunguza uwezo wa kongosho kutoa insulini pale inapohitajika kwa wingi.

Hapa ndipo nilipopata picha ninayoweza kumweleza mama. Tuseme kila mtu amezaliwa na kihenge chake cha insulini. Mvua zikiwa nzuri, mwenye kihenge kikubwa na mwenye kihenge kidogo wote wanakula, na jirani hawezi kujua tofauti. Ukija mwaka wa njaa, mmoja anafika hadi Machi na mwingine anaishiwa Desemba. Homa ya 2021 ulikuwa mwaka wa njaa kwa kongosho: moto mwilini, kulala siku kumi na mbili, dawa inayopandisha sukari. Mimi na dada tuliingia humo na vihenge ambavyo hakuna aliyewahi kuvipima.

Na tumbo moja halisawazishi vihenge. Kwa kila jeni, mama ana nakala mbili na anatoa moja. Baba ana mbili na anatoa moja. Anachopewa wa kwanza si lazima apewe wa pili. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanalingana, kwa wastani, nusu tu ya vile vinavyotofautisha watu.

Nusu nyingine ni ya dada peke yake.

Ramani isiyo na Kondoa

Basi nikataka kujua nusu hiyo ina nini. Nikakutana na ukuta.

Baba yetu alikuwa Mgogo wa Mvumi. Mama ni Mrangi wa Kondoa, na bibi mzaa mama alikuwa Msandawe wa Kwa Mtoro. Mtu wa mbali anaweza kuona hilo ni mchanganyiko wa ajabu, lakini hapa katikati ya nchi ni jambo la kila siku. Ukizunguka Kondoa na Chemba kwa siku mbili utasikia Kirangi cha Kibantu, Kiburunge cha Kikushi, Kibarbaig cha Kinailoti, na Kisandawe chenye sauti za kidoko, zile za kugonga ulimi kinywani. Familia kubwa za lugha za Afrika ambazo kwingine zimetenganishwa na maelfu ya kilomita, kwetu zinagawana kisima. Mwaka 2009 Sarah Tishkoff na wenzake walipochapisha utafiti wao wa vinasaba vya jamii 121 za Afrika, Wasandawe na Wahadzabe walikuwa ndani. Utafiti huo ulithibitisha kwamba tofauti za vinasaba zilizo nyingi kuliko zote duniani ziko Afrika.

Lakini kuonekana kwenye utafiti wa asili ya watu ni jambo moja, na kuonekana kwenye utafiti wa magonjwa ni jingine.

Vipimo vingi vya kukadiria hatari ya kisukari kwa vinasaba vimejengwa kwa damu za watu wenye asili ya Ulaya. Ukivileta kwetu vinapwaya. Na hata habari kubwa ya vinasaba vya Korona haikuwa yetu: mwaka 2020 Hugo Zeberg na Svante Pääbo walionyesha kwamba kipande cha kromosomu ya 3 kinachoongeza hatari ya kuugua vibaya kilirithiwa kutoka kwa Neanderthal, binadamu wa kale waliokwisha kutoweka. Karibu nusu ya watu wa Asia ya Kusini wanacho, na Wazungu kama asilimia 16. Afrika karibu hakipo. Kwa hiyo kilichomlaza dada siku kumi na mbili karibu hakika hakikuwa hicho.

Mwaka 2019 ulitoka utafiti ulionipa moyo, wa watu zaidi ya 5,000 wa Nigeria, Ghana na Kenya, ambao ulikuta sehemu ya vinasaba inayohusiana na kisukari cha aina ya pili kwa Waafrika na ambayo haikuwa imeonekana kwa Wazungu. Jeni hiyo inaitwa ZRANB3. Niliipitia orodha ya nchi mara mbili, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Kenya ipo. Sisi hatupo.

Baba mdogo, nilipomweleza haya, alikuwa na jibu lake tayari. "Sisi ni watu wa njaa," alisema. "Miili yetu imejifunza kuweka. Ikipata, haiachii." Akanitajia Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipokomba nafaka, ng'ombe na vijana wa Ugogo, mvua zikagoma, na mafua ya 1918 yakaja kumalizia waliobaki. Babu yake alizikwa mwaka huo. Mwaka 1962 mwanasayansi wa Marekani James Neel aliandika hoja inayokaribiana sana na ya baba mdogo: kwamba njaa za kale zilichagua miili inayobana matumizi, na miili hiyo sasa inaumia katika shibe. Ni hoja inayoingia akilini upesi, na ndiyo maana naiogopa. Watafiti wameutafuta ushahidi wake kwenye vinasaba kwa miaka mingi na wamepata haba. Kila ukoo duniani una Mtunya wake. Na ukimwambia mtu kwamba ameumbwa kwa ajili ya kisukari, kesho hatarudi kliniki.

Karatasi ya 2022

Wiki ya tano nilimsindikiza dada kliniki. Alikuwa amebeba mfuko wa rambo wenye karatasi zake zote, na tukiwa kwenye benchi nikaanza kuzipanga kwa tarehe.

Ile ya 2022 ilikuwa kipimo cha miezi mitatu, HbA1c. Matokeo: asilimia 6.3. Chini yake mtu ameandika kwa mkono: hajafikia kisukari, apunguze sukari na chumvi. Kisukari huanza kuitwa kisukari kwenye 6.5. Ndiyo siku ambayo dada alirudi nyumbani akapika pilau.

Ndani, fundi wa maabara mmoja, kijana mpole, alikuwa anajaza fomu na akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: "Kwenu kuna mgonjwa wa seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi?"

Dada akasema hakuna. Nami nikasema hakuna.

Nikauliza linahusiana nini. Akaeleza huku anaendelea kuandika. Kipimo kile hakipimi sukari yenyewe. Kinapima sukari iliyonatia kwenye hemoglobini, ile protini iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu, na chembe nyekundu inaishi siku kama 120, kwa hiyo ni kama kusoma vumbi lililokaa mezani ili ujue dirisha limefunguliwa muda gani. Hemoglobini ikiwa ya aina nyingine, au chembe zikifa mapema, vumbi linakuwa pungufu. Dirisha lilikuwa wazi muda ule ule, ila meza inakuambia lilifungwa.

Nilikwenda kusoma na nikakuta hakutia chumvi. Mwaka 2017 utafiti uliofanywa Marekani kwa watu weusi ulionyesha kwamba wabebaji wa seli mundu, wale wenye nakala moja tu na ambao si wagonjwa, walisomeka pungufu kwa takriban 0.3 wakilinganishwa na wasio wabebaji wenye sukari ile ile. Mwaka huo huo utafiti mwingine, wa watu zaidi ya 150,000 wa asili mbalimbali, ulikuta umbo la jeni ya G6PD ambalo kwa wanaume wenye nalo linashusha kipimo hicho kwa kama 0.8. Umbo hilo linabebwa na takriban asilimia 11 ya Wamarekani weusi. Jeni zote mbili ni za watu wa nchi za malaria. Zilibaki miilini mwetu kwa sababu zilitulinda. Mtafiti Anthony Allison alilionyesha hilo kwa seli mundu tangu 1954, kwa kazi aliyoifanya huku huku Afrika Mashariki.

Nilikuwa natafuta jeni iliyoleta sukari. Sikufikiria kwamba inaweza kuwapo jeni iliyoificha.

Mama

Jioni ile nilikwenda Chang'ombe peke yangu. Sikuwa na uhakika kama nina haki ya kuuliza. Nikauliza.

Mama alinyamaza muda mrefu kiasi kwamba nilidhani hakunisikia. Kisha akasema: "Kuna mwenzenu. Wewe hukumkuta. Dada yako alikuwa mdogo, labda hamkumbuki."

Alikuwa mtoto wa kiume, aliyemfuata dada. Kabla hajatembea, vidole vyake vya mikono na miguu vilikuwa vinavimba na analia usiku kucha. Macho yanageuka manjano. Wakampeleka hospitali, akaongezewa damu, wakarudi. Akafariki mwaka 1981, akiwa na miaka mitatu.

"Walisema nini?" niliuliza.

"Hospitali walisema damu. Nyumbani walisema mimi."

Sikujua niseme nini. Nilichukua daftari nikamchorea. Nakala mbili kwake, mbili kwa baba. Mtoto hawezi kuugua seli mundu kwa nakala moja. Lazima apokee mbaya kutoka kwa mama na mbaya kutoka kwa baba. Vilitoka kwenu wote wawili, mama. Na ninyi wawili mlikuwa wazima, hakuna aliyejua. Nchi hii inakadiriwa kuzaa watoto takribani 11,000 wa aina hiyo kila mwaka. Nikamweleza kwamba pale Muhimbili Profesa Julie Makani na wenzake wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa hawa tangu 2004, na kwamba leo mtoto kama yule anaweza kufika utu uzima.

Aliitazama ile michoro. Akaweka kidole kwenye mstari unaotoka upande wa baba.

"Baba yenu amekufa akiamini ni mimi," alisema.

Kisha akasema tena, taratibu: "Nami nimeishi nikiamini hivyo."

Nilikuwa nimekwenda kutafuta maelezo ya namba 6.3. Nilikaa pale hadi giza likaingia, na hatukuwasha taa.

AS na AA

Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, mtoto ambaye si mgonjwa ana nafasi mbili kati ya tatu za kuwa mbebaji. Tulipima sote wawili wiki iliyofuata. Dada ni AS, yaani mbebaji mwenye nakala moja. Mimi ni AA, sina hata moja.

Kwa hiyo ipo tofauti moja kati yetu ambayo naweza kuitaja kwa jina, na haikuwa ile niliyoitafuta. Haielezi kwa nini ana sukari. Inaeleza, labda, kwa nini mwaka mzima ulipita bila dawa.

Nasema labda, na daktari wa kliniki naye alisema labda. Nilimwekea karatasi mezani nikitegemea atashtuka. Aliisoma kwa utulivu. "0.3 ni kidogo," alisema. "Mtu akiwa na 10, 0.3 haibadilishi kitu. Na dada yako mwaka ule alikuwa na upungufu wa damu, huo nao unavuruga." Kisha akageuza karatasi, akaandika 6.3, akaandika 0.3 chini yake, akapiga mstari.

6.6.

Hakusema chochote kwa muda. Baadaye akasema kwamba kwa mtu mwenye AS anayesomeka karibu na mpaka, yeye sasa hivi anapima na sukari ya asubuhi kabla ya kula, na akiwa na mashaka anampa glukosi gramu 75 anywe na kumpima baada ya saa mbili. Vipimo hivyo haviangalii hemoglobini. Vya bei nafuu, tena vipo hata kwenye vituo vidogo. Yeyote kati yenu aliye na seli mundu kwenye ukoo na ameshaambiwa amebaki kidogo tu kufikia kisukari, namsihi aulizie hilo.

Sijui kama mwaka huo mmoja ungeuepusha mguu wa dada na kovu ulilonalo. Nimejitahidi kutolijibu swali hilo. Aliyeandika ile karatasi alifuata mwongozo wake, na mwongozo haukuwa umeandikwa ukimwangalia mtu kama dada yangu.

Daftari

Jumapili iliyopita nilimweleza yote. Kihenge, kengele, mama na mtoto wetu wa 1981, 6.3 na 6.6. Alisikiliza akiwa anachambua mchicha. Nilimwambia kwamba swali lake bado sijalijibu: kwa nini yeye. Nimejua sababu kadhaa zinazowezekana, na nimejua kwamba hakuna hata moja iliyo kosa lake. Hilo la mwisho ndilo lililomfanya aache mchicha.

"Kwa hiyo si ugali," alisema.

"Si ugali, dada."

Akafuta mikono, akamwita mwanawe mkubwa, anayetaka kuoa Desemba, akamwambia wiki hii aende na mchumba wake wakapime seli mundu, wote wawili, na majibu ayalete kwa bibi yake pia. Kijana akaitikia bila kuuliza.

Kisha akaniuliza mimi, mwenye 5.2, nipo salama kiasi gani. Nikamwambia nilichosoma: ndugu wa damu wa mtu mwenye kisukari cha aina ya pili ana hatari ya mara mbili hadi tatu ya mtu mwingine. Kihenge changu sijakiona ndani. Homa ile niliipata na mimi.

Akaingia ndani, akatoka na daftari na rula. Kwenye ukurasa wa Agosti akachora mstari wa pili kutoka juu hadi chini, pembeni ya namba zake, na juu ya safu mpya akaandika jina langu.

"Jumamosi saa moja nakuja kwako," alisema. "Usinywe chai kabla sijafika."